Aliyeandikwa Mwisho

Kompyuta iliyoletwa kutoka Kisarawe ilijua tarehe, na hilo ndilo lililomfanya Zahoro aweke kikombe chake chini.

Kwa mtu mwingine jambo hilo si la kushangaza. Simu ya mtoto wa darasa la tano inajua tarehe. Lakini chama kilichokutana kila Jumamosi alasiri nyuma ya duka la Zahoro la fotokopi, pale Sofu, kilihangaika na mashine ambazo watu wenye akili zao walikwisha kuzitupa: za DOS, za Windows tisini na tano, vibodi vya rangi ya meno ya mvuta sigara. Mashine za umri huo hutunza saa kwa betri ndogo ya duara. Betri ikifa, ukiiwasha mashine inakwambia kwa uso mkavu kuwa leo ni tarehe mosi Januari mwaka themanini. Betri ya mashine hii ilikuwa imeoza, Zahoro aliing'oa kwa mkono wake, na ilikuwa juu ya meza pale, ndani ya kifuniko cha chupa. Hata hivyo skrini nyeusi iliwaka ikaandika Jumamosi, tarehe ya siku ile, saa kumi na dakika mbili.

"Labda kuna betri nyingine ndani," alisema Faudhia.

"Hakuna, mama Raudha. Nimeifungua yote."

"Basi imebahatisha."

"Ibahatishe mpaka dakika?"

Faudhia alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mpiga chapa mstaafu, mwenye vidole vilivyokuwa bado vinakwenda mbio kuliko mdomo wake. Vijana wa mtaani waliwaita wazee wa flopi, zile disketi za kale, na yeye alilipenda jina hilo kuliko la ubibi, ingawa ubibi nao ulikuwa njiani. Raudha, bintiye wa pekee, alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa amerudi nyumbani kujifungulia kwa mama kwa sababu mumewe, dereva wa lori, hakukaa Kibaha wiki nzima hata mara moja.

Chama kilikuwa na kanuni mbili tu, nazo zilibandikwa ukutani na kwenye tangazo walilokuwa wakilisambaza kwenye simu. Ya kwanza: hatufuti kitu. Mashine ikija na barua za marehemu au hesabu za duka lililokufa, vinabaki. Ya pili: kila programu inayofufuka lazima ijaribiwe na kila mwanachama, kwa jina lake la kweli, kwa mkono wake mwenyewe. Majina ya uongo yalikuwa mwiko. Saida, rafiki yake Faudhia tangu enzi za ofisini, alikuwa akisema programu iliyofufuka ni kama mgeni, nawe humpi mgeni jina la bandia.

Mashine hiyo ililetwa na mtu aitwaye Bilali, aliyelisoma tangazo lao akaja nayo kwa pikipiki, imefungwa kwa mpira. Alisema ni ya marehemu baba yake, mganga, na kwamba baba alikuwa mtu wa kisasa aliyeweka orodha ya wagonjwa kwenye kompyuta wakati waganga wenziwe wakiandika kwa mkaa. Hakutaka hata maji ya kunywa. Alipopokewa mzigo alipangusa mikono kwenye suruali na kuondoka.

Programu ilikuwa ya Kiswahili, ya maandishi matupu, nadhifu. Kila mgonjwa alikuwa na mistari minne: JINA. JINA LA MAMA. JINI. AHADI. Wagonjwa walikuwa mia mbili na kumi na tatu. Walisoma wakicheka, Mungu awasamehe. Huyu alimwahidi jini lake kuku mwekundu, yule shuka nyeupe, mwingine manukato ya kutoka Mombasa. Rekodi saba za mwisho zilikuwa na maneno yale yale: jini, subiani, ahadi, mtoto wa kwanza wa binti yangu.

"Mara saba?" aliuliza Saida.

"Uvivu wa mpiga chapa," alisema Zahoro. "Tazama. Ukibonyeza Enter bila kuandika kitu, inachukua maneno ya mgonjwa aliyetangulia. Inakupunguzia kazi."

Faudhia aliipenda programu ile kwa sababu hiyo hiyo. Aliyeitengeneza aliwaonea huruma watu wa kazi yake. Akavuta kiti, akafungua rekodi ya mia mbili na kumi na nne, akaandika Faudhia, akaandika Siwema, jina la marehemu mama yake, kisha kwa mazoea ya miaka thelathini akagonga Enter, Enter. Maneno yakajipanga chini ya jina lake: subiani, mtoto wa kwanza wa binti yangu.

"Haya, umeshamuuza mjukuu," alisema Saida, na wote wakacheka, Faudhia akiwazidi. Umeme ukakatika hapo hapo, kabla Saida hajapata zamu yake, wakafunga duka wakaenda nyumbani.

Majini ya kwenye hadithi huja usiku, na mtu akipata usingizi mzuri anakuwa amepona. Hili lilikuja saa kumi za alasiri, jua likiwaka, majirani wakitwanga na watoto wakirudi madrasa. Siku ya kwanza Raudha alisema tu kwamba mtoto ameacha kucheza. Siku ya pili alisema mtoto anaacha kucheza saa ile ile, kama anajificha. Siku ya tatu Faudhia, akichambua mchicha uani, alisikia sauti aliyoijua vizuri ikitoka chumbani kwa mwanawe. Krr. Krr-krr. Kimya. Krr. Ni mlio wa kompyuta ya zamani inapotafuta flopi asubuhi, na nyumba ya Faudhia haikuwa na kompyuta ya aina yoyote.

"Unasikia?" aliuliza akiwa mlangoni.

"Naisikia tangu juzi," alisema Raudha kwa sauti ya chini. "Nilidhani ni panya chini ya kitanda. Mama, hii harufu ni ya nini?"

Ilikuwa harufu ya maziwa ya mama yaliyochacha, na ndani yake ubani. Faudhia aliinama akatazama uvunguni. Palikuwa na kandambili na beseni la kuogea mtoto, jipya, bado na karatasi yake.

Alhamisi ile alilala kidogo baada ya chakula akaamshwa na ule mlio, akainuka pole pole bila kuvaa viatu, akasukuma mlango wa Raudha kwa kidole, na alichokiona hakukisimulia kwa mtu ila Zahoro: mwanawe amelala chali, kinywa wazi, khanga imefunika tumbo, na katikati ya khanga ile pamebonyea pahala pa kiganja, kiganja kidogo chenye vidole virefu vitano, kinachotembea taratibu kutoka kitovuni kwenda ubavuni na kurudi, kikiminya hapa, kikisita pale, kikiminya tena, kama mwanamke anavyopapasa papai sokoni Mlandizi kujua kama limeiva au alirudishe kwanza. Faudhia akafanya kitu pekee alichokiweza, akaenda akaweka mkono wake mwenyewe juu ya tumbo la mwanawe, pale pale penye kiganja, na kile kitu hakikukimbia wala hakikumdhuru. Kilisogea kidogo kumpisha, kwa adabu, kisha kikaendelea na kazi yake upande wa pili. Aliogopa adabu ile kuliko kitu chochote alichowahi kukiona.

Ijumaa baada ya swala alikuwa dukani kwa Zahoro. Saida alibaki nyumbani na Raudha. Aliambiwa tu kwamba mimba inasumbua, akaja na ukili wake wa kusukia mikeka na stori zake, maana Saida hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili anapoitwa.

Faudhia alimweleza Zahoro yote. Zahoro alikuwa na umri wa kuwa mwanawe, fundi asiyeamini kitu kisicho na waya, lakini tangu Jumamosi alikuwa akiigeuzia mgongo ile mashine.

"Ifute," alisema Faudhia.

"Kanuni yetu…"

"Zahoro. Ifute."

Kufuta kwenye programu zile ni kwa hatua mbili. Kwanza rekodi inawekewa nyota, yaani inahesabiwa imekufa ila maiti iko ndani. Kisha unatoa amri ya pili, ndipo inatolewa nje. Zahoro aliweka nyota kwenye mia mbili na kumi na nne. Akatoa amri ya pili. Mashine ikaguna, taa yake ndogo ikakodoa, na orodha ikarudi. Nyota ilikuwa imetoka. Jina lilikuwepo. Na mstari wa ahadi, ambao hakuna mkono uliougusa, ulikuwa umeongezeka neno: mtoto wa kwanza wa binti yangu Raudha.

Simu ya Faudhia ikaita. Alikuwa Saida, anahema. "Njoo, shoga yangu. Nimeshaita bajaji. Mwanao anatoka damu."

Hospitali kule Tumbi walimpokea Raudha vizuri, damu ikakata, mtoto tumboni alikuwa hai. Wakamlaza siku tatu, na katika siku hizo tatu Saida hakwenda kwake hata kubadili nguo. Aliosha khanga zenye damu bombani, akamlisha Raudha uji kijiko kwa kijiko, akalala sakafuni kwenye mkeka ili Faudhia apate benchi. Saa kumi ilipofika, mlio ulisikika chini ya kitanda cha hospitali, na ni Faudhia na Raudha tu waliousikia.

Waliporudi nyumbani aliitwa mwalimu mmoja mzee, mtu wa dua, mwenye jina safi pande zile. Alisoma kwa saa nzima. Wakati anasoma palikuwa na utulivu uliomliza Raudha kwa faraja, na alipomaliza, kabla hajafunga msahafu, krr, krr-krr. Mzee alikaa akisikiliza. Kisha akamwita Faudhia uani.

"Mwanangu, mimi namtoa mgeni aliyevamia. Huyu hakuvamia. Amekaribishwa kwa jina, na jina la mama wa aliyemkaribisha. Nani kamwandika?"

"Mimi, mwalimu. Kwa mchezo."

"Yeye hajui mchezo. Nenda kwa aliyekupa kalamu."

Aliyempa kalamu alikuwa Kisarawe. Faudhia alishuka Mlandizi asubuhi ya Jumatano, akapanda bodaboda ya kuelekea Mzenga, na baada ya kuuliza mara mbili njiani akafikishwa kwenye nyumba ya bati jipya katikati ya mikorosho. Uani mwanamke wa makamo alikuwa akimwogesha mtoto mchanga, ananyoosha miguu yake myembamba kwenye maji ya vuguvugu. Bilali alitoka ndani, akamwona mgeni, na uso wake ukashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenijua?"

"Nimekujua. Mwamini, mgeni amekuja."

Faudhia alilitambua jina. Rekodi ya mia mbili na kumi na tatu ilikuwa ya Mwamini binti Tabu, ile iliyokuwa juu ya rekodi yake. Mwanamke yule hakuacha kumwogesha mtoto.

"Huyu ni wa kwanza wa binti yangu," alisema Mwamini. "Kazaliwa siku tatu baada ya wewe kuandika. Usichoke kusimama, kaa hapo kwenye kigoda nikueleze, maana mimi sikuelezwa na mtu."

Akamweleza, na alieleza kwa sauti ndogo, bila haraka, huku anamkausha mtoto makwapani. Zamani mgonjwa mmoja wa mkwewe mganga, mwanamke aliyekosa uzazi, alimwahidi subiani mtoto wa kwanza wa binti yake kama atapata binti. Akampata. Binti akakua, akashika mimba, mama akaingiwa na woga. Mganga akagundua, na Mwamini hakujua kama ni kwa akili au kwa bahati, kwamba jini linamfuata aliyeandikwa mwisho. Basi yule mama akamwandikisha mwingine nyuma yake. Na yule akamwandikisha mwingine. Mwamini aliandikishwa na wifi yake, aliyemwomba aje amsaidie kupiga chapa.

"Lazima aandike mwenyewe, kwa mkono wake, na jina la mama liwe la kweli," alisema. "Na lazima awe na binti. Wifi yangu alianza kwa kumweka msichana asiye na mtoto. Lilirudi kwake jioni ile ile, na halikurudi taratibu."

"Na mkaamua kutuletea sisi."

"Hapa kijijini wanaijua. Hakuna anayesogelea kibodi. Bilali akaona tangazo lenu, kila mtu kwa jina lake la kweli. Nikamwambia peleka."

"Mimi nilikukosea nini?" Faudhia aliuliza.

"Hukunikosea kitu. Sikuombi radhi pia, kwa sababu ningerudia kesho. Unamwona huyu?"

Faudhia alimtazama mtoto, mafuta yaking'aa kwenye mikunjo ya mapaja, na kitu kilichomtisha njia nzima ya kurudi ni kwamba alimwelewa Mwamini neno kwa neno. Kabla ya kuondoka aliuliza jambo moja la mwisho.

"Na mtu akiivunja mashine?"

"Mkataba hauishi kwenye chuma. Wa mwisho anabaki wa mwisho," alisema Mwamini. "Hakuna mtu wa kumpokea tena."

Kuanzia Jumatano hadi Jumamosi Faudhia aliwapitia wanawake wote aliowajua, kichwani, mmoja mmoja, kama anachambua mchele. Huyu hana binti. Huyu binti yake anajifungua mwezi ujao, hapana, hapana. Yule hawezi kukubali kugusa kompyuta. Kila alipomaliza orodha alibaki na jina lile lile, na kila mara alijiambia sababu nzuri. Firdausi binti wa Saida ana miaka ishirini, yuko chuoni, hata mchumba hana. Ana miaka mitano mbele, labda kumi. Katika miaka kumi Saida atapata njia. Saida ni mwerevu. Chumbani Raudha alikuwa amelala akiushika ubavu wake kwa mikono miwili, na khanga yake ilikuwa inabonyea mara nne, mara tano kwa alasiri moja, sasa hata Faudhia akiwa amekaa pale pale.

Jumamosi alifika dukani mapema. Zahoro alimtazama usoni, akasoma alichosoma. Alitoa ufunguo wa chumba cha nyuma akauweka mezani.

"Mimi nakwenda kuswali," alisema. "Leo nitachelewa."

Haikuwa saa ya swala yoyote.

Saida alikuja na chupa ya chai na mihogo ya kukaanga aliyoifunga kwenye gazeti. "Raudha je? Nimemtengea yake, utampelekea."

"Anaendelea. Keti, mama Firdausi. Hujafanya jaribio lako."

"Ile ya mganga? Mimi nilidhani mmeshaiweka kabatini."

"Kanuni ni kanuni."

Saida alicheka, akapangusa mafuta vidoleni kwa upindo wa khanga, akakaa. Rekodi ya mia mbili na kumi na tano ilikuwa tayari imefunguliwa. Aliandika kwa vidole viwili, anatafuta herufi: Saida. Halafu, akitabasamu, jina la mama yake, bibi Sikuzani wa Mlandizi, aliyewahi kumtunza Faudhia kama wake alipofiwa na mama. Alipofika kwenye jini akagonga Enter, likaja subiani. Alipofika kwenye ahadi akaacha kugonga, akaanza kuandika.

"Mimi simpi mjukuu. Nampa kuku. Kuku mmoja wa kienyeji, tena aliyenenepa."

Aliandika k, aliandika u. Faudhia alikuwa amesimama nyuma yake, anaona kisogo cha rafiki yake, mvi mbili tatu zilizochomoza kwenye mtandio, na alijua kwamba akinyamaza tu kwa muda wa kumalizia neno moja, mambo yatakuwa mengine, labda subiani lingemcheka, labda lingekubali kuku, hakuna anayejua. Hakunyamaza.

"Futa hayo," alisema. "Bonyeza Enter tu. Jaribio lenyewe ndilo hilo, kuona kama inabeba."

"Hee. Haya." Saida akafuta, akagonga, yakaja maneno ya mwanzo, bila jina la Raudha. "Imebeba. Una nini, mbona unatetemeka?"

"Malaria, nadhani."

"Nenda nyumbani ukalale. Nitafunga mimi."

Saa kumi ya siku ile Faudhia alikaa chumbani kwa mwanawe akisubiri. Hapakuwa na mlio. Hapakuwa na harufu, ila ya mafuta ya nazi. Saa kumi na dakika ishirini mtoto alipiga teke kubwa, Raudha akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili, na Faudhia akamwekea mbele ile mihogo iliyotoka kwa Saida.

Jumapili alirudi na ufunguo ambao Zahoro hakuuomba. Hakutaka kile kitu kizunguke. Alijua kibodi kile kikiendelea kupita kwa wanawake wa Kibaha, iko siku kitamfikia Raudha mwenyewe, na mtoto huyu huyu akikua akawa mama, kitamfikia naye. Alifungua mashine kama alivyofundishwa na chama chake, akachomoa diski, akaifunga kwenye kitenge, akaipiga kwa nyundo sakafuni mpaka ikawa vipande vinavyong'aa. Alivitupa mto Ruvu, darajani, mchana kweupe, na watu walidhani ni mama anayetupa uchafu. Zahoro aliwaambia wanachama kwamba wezi wameingia.

Raudha alijifungua mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu, mwenye sauti ya mnadi. Wakamwita Hamza. Faudhia alimwogesha mwenyewe, akamnyoosha, akamkanda, na alizoea upesi kutokuwaza jambo fulani, kama mtu anavyozoea kutembea bila kukanyagia kidole chenye jeraha. Saida hakuonekana. Simu yake ilipopigwa alisema yuko na shughuli.

Siku ya arobaini ilipopita, alasiri, mlango uligongwa. Saida alikuwa amesimama na vumbi jekundu miguuni mpaka magotini, vumbi la njia ya Mzenga. Alikuwa amekonda. Nyuma yake alikuwa Firdausi, begi la nguo mkononi, gauni pana, na mkono mmoja ameuweka tumboni kama wanavyouweka wote.

"Miezi mitano," alisema Saida. "Alinificha. Siku ile niliyoandika, alikuwa anayo tayari, na mimi sijui, na yeye anaona haya kuniambia."

Faudhia aliurudisha mlango nyuma yake, Raudha asisikie.

"Mwamini amenieleza kila kitu," Saida aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya kawaida, kama wanazungumzia mboga. "Sikuja kugombana. Niambie tu mashine iko wapi. Nina mtu wa kumweka."

"Nimeivunja."

"Diski?"

"Nimeitupa Ruvu."

Saida alitikisa kichwa taratibu, mara kadhaa. Firdausi alianza kulia bila sauti. Ndani, Raudha aliita kuuliza ni nani.

"Ulijua," alisema Saida. "Ulimwuliza Mwamini, akakwambia wa mwisho anabaki wa mwisho. Ukaenda ukavunja."

"Nilijua."

"Nilikulalia chini sakafuni, mama Raudha. Siku tatu."

Faudhia alipiga magoti pale mlangoni. Alitaka kusema nisamehe, na neno hilo lilikuwa mdomoni kabisa, lakini alijua kwamba kama siku ile ingerudi angesema tena bonyeza Enter, na rafiki yake alikuwa anamtazama usoni na kuliona hilo. Saida alimpita, akavua viatu kama alivyovua miaka yote, akaingia chumbani.

"Hujambo mwanangu Raudha. Hongera. Nipe nimpakate."

Raudha, asiyejua kitu, alimpa Hamza kwa furaha. Saida alimtazama mtoto kwa muda mrefu, akamfuta mate kwa ncha ya mtandio. Halafu akamwonyesha Firdausi upande wa kitanda uliokuwa wazi.

"Panda ulale, mama. Tunahamia hapa mpaka ujifungue." Akamgeukia Faudhia aliyekuwa amefika mlangoni. "Subiani halioni nyuso, linajua majina tu na pahala. Mwamini hakukwambia hilo kwa sababu hukumwuliza. Lilikijua kitanda hiki kabla halijakijua cha kwangu. Likija kuchukua, litukute sote humu, watoto wawili, mabibi wawili. Lichague lenyewe."

"Mama, wanasema nini?" aliuliza Raudha.

Faudhia alinyoosha mikono ampokee mjukuu wake, na Saida hakumpa. Alimlaza katikati ya wale wasichana wawili, akamfunika khanga mpaka kifuani, akakaa kwenye mkeka. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tatu. Faudhia naye akakaa, upande wa pili wa mkeka, na wote wawili wakaikazia macho khanga.